Mtoko wa Dinant: Gari Mtalilaza Wapi?

Mji ni mdogo, mto unapita katikati na nyie mmependeza. Kilichobaki ni sehemu ya kupaki, na hapo ndipo wikiendi za wengi Ubelgiji zinapoharibikia. Soma haya kabla hujawasha gari.

Mpenzi msomaji, ukitaka kujua kama watu wawili wanaelewana, usiwaangalie ukumbini siku ya harusi. Waangalie wakitafuta sehemu ya kupaki.

Wameshazunguka mara tatu. Mmoja kashika usukani, kanuna. Mwenzake kashika simu, ramani inamwambia geuka na barabara yenyewe hairuhusu kugeuka.

“Si nilikwambia pale pana nafasi?”

“Pale pana kibao.”

“Kinasemaje?”

“Mimi nitajuaje? Kifaransa hicho!”

Kuanzia hapo mpaka bili ya chakula inaletwa, hakuna anayemsemesha mwenzake. Mtoko umekufa, na aliyeuua ni kibao cha bati.

Wengi wetu tuna mtu wetu Ubelgiji. Dada anasoma Leuven, binamu kaolewa Liège, shemeji anaishi karibu na Matonge, ule mtaa wa Ixelles pale Brussels ambao Wakongo wameufanya kwao. Ukienda kumtembelea, siku ya pili au ya tatu mwenyeji anawaonea huruma mnavyokaa ndani, anawarushia funguo: “Chukueni gari mkatembee, msikae kunitazama mimi.” Ni ukarimu wa kwetu kabisa. Tatizo ni kwamba gari hilo lina jina la mtu, na jina hilo si lenu. Tutalirudia hilo, maana ndiyo sababu kubwa ya makala hii.

Tuchukue mji mmoja mdogo kama mfano: Dinant.

Mzuri, lakini mwembamba

Dinant uko kusini mwa Ubelgiji, upande wa wanaozungumza Kifaransa, kando ya mto Meuse. Ni mji wa watu elfu kumi na kitu, lakini kwa mahaba haujambo. Kuna kanisa kubwa la zamani lenye kuba jeusi lililokaa kama kitunguu, na nyuma yake mwamba umesimama wima. Juu ya mwamba kuna ngome. Mwenye mapafu hupanda ngazi 408, asiyetaka kutoka jasho hupanda kigari cha kamba. Adolphe Sax, aliyebuni saksofoni, alizaliwa hapa mwaka 1814, ndiyo maana daraja la katikati ya mji limepambwa kwa saksofoni za rangi rangi. Kwa picha za mitandaoni, hapo umefika.

Sasa angalia hiyo picha kwa jicho la dereva. Huku mto, kule mwamba. Katikati umebaki ukanda mwembamba ambao umebeba nyumba, maduka, migahawa, barabara na watu wote waliokuja kutembea siku moja na wewe. Mji hauwezi kutanuka kuelekea majini wala kuelekea kwenye jiwe. Kwa hiyo nafasi za magari ni chache, na manispaa lazima iamue nani akae wapi na kwa muda gani. Vibao vyote utakavyoviona vinatokana na hesabu hiyo.

Waliokwenda Mji Mkongwe Zanzibar wanaielewa hali hii. Hakuna mtu mwenye akili anayelazimisha gari lipite kwenye vichochoro vile. Unaliacha pembeni, unaingia kwa miguu, na raha inaanzia hapo.

Kibao kimoja, mitaa kumi

Wageni wengi hukosea jambo moja. Wanapaki, wanashuka, wanaangalia kulia na kushoto, hawaoni kibao. “Hapa bure!” Wanaondoka wakitabasamu.

Ubelgiji kuna vibao vya eneo zima. Kibao cha namna hii kimeandikwa ZONE na husimama pale unapoingilia eneo. Ukishakipita, amri yake inakufuata kila mtaa unaoingia, hata kama hutakiona tena, mpaka utakapokutana na kibao cha kumaliza eneo, chenye alama zile zile lakini zimefifishwa na kupigwa mstari. Inawezekana kabisa kibao kinachokuhusu umekipita dakika tatu zilizopita, wakati mnabishana kuhusu muziki.

Kwa hiyo kazi ya kutafuta inaanza mnapoingia mjini, kabla hata nafasi haijaonekana. Mmoja aendeshe, mwingine awe macho. Akiona ZONE na herufi P, aseme kwa sauti.

Halafu jifunze kusoma mishale midogo chini ya vibao vya pembeni mwa barabara. Mshale wa kwenda juu maana yake amri inaanzia hapa. Wa kwenda chini, inaishia hapa. Wenye ncha mbili, bado tunaendelea. Mgeni asiyejua hili anaweza kupaki upande usio wenyewe wa kibao na akajiona mjanja.

Diski ya buluu na saa za Kiswahili

Eneo maarufu kuliko yote kwenye miji midogo ya Ubelgiji ni “eneo la buluu”. Kwa Kifaransa wanaita zone bleue, kwa Kiholanzi blauwe zone. Hapa hulipi hata senti, ila unatakiwa kuonyesha umefika saa ngapi, kwa kutumia diski ya maegesho. Ni kadi ya buluu yenye gurudumu la saa ndani yake, na unaiweka nyuma ya kioo cha mbele, ionekane kutoka nje. Magari mengi ya Wabelgiji yanayo, imejificha kwenye mfuko wa mlango au chini ya risiti za mwaka juzi. Kabla ya kuondoka nyumbani, mwulize mwenyeji: “Shemeji, ile diski ya buluu iko wapi?” Ukikodi gari, uliza hivyo hivyo kaunta.

Kanuni ya kawaida ni hii: siku za kazi, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni, unaruhusiwa saa mbili tu. Na sikiliza vizuri, Jumamosi nayo ni siku ya kazi kwenye hesabu hii. Jumapili na sikukuu za taifa, kama tarehe 21 Julai, hazihesabiwi. Hiyo ndiyo kanuni kama kibao hakisemi vingine. Kikisema dakika 30, ni dakika 30. Kikitaja na Jumapili, basi na Jumapili.

Namna ya kupanga diski ina siri ndogo inayokupa faida. Hauweki dakika uliyofika. Unasogeza mshale hadi kwenye mstari wa nusu saa unaofuata. Tuseme mmefika saa 4:10 asubuhi. Mshale unauweka kwenye 4:30, na saa zenu mbili zinaanza kuhesabiwa hapo, mpaka 6:30 mchana. Mmezawadiwa dakika 20 na sheria yenyewe.

Lakini ngoja. Hapo nimehesabu Kiswahili, na diski haijui Kiswahili. Saa 4:30 yetu asubuhi kwenye diski ni 10.30. Mtu aliyezoea saa ya mama yake anaweza, kwa haraka, kuupeleka mshale kwenye nne. Mkaguzi akipita ataona gari lililofika alfajiri au lililotoka ndotoni, na atafanya kazi yake. Wawili mkiwa garini, mmoja apange, mwingine ahakiki. Inachukua sekunde tano.

Kuna na dili nzuri kwa wanaotoka jioni. Mkifika baada ya saa 10 alasiri, saa mbili zenu zinavuka saa 12 jioni, na baada ya hapo eneo la kawaida la buluu halina muda tena. Mnaweza kula polepole, mkatembea kando ya mto, mkarudi mnavyotaka. Diski iwekeni hivyo hivyo.

Kitu kimoja usijaribu: kurudi kwenye gari na kusogeza mshale ili ujiongezee muda. Sheria inataka gari liondoke muda ukiisha. Wakaguzi wameshaona kila aina ya ujanja, na wa kwako hautakuwa mpya.

Mashine inayotaka namba yako

Mitaa ya katikati, na hasa miji inayopokea watalii, huwa ni ya kulipia. Tafuta neno payant kwa Kifaransa au betalend kwa Kiholanzi. Mashine iko pembeni ya barabara, na miji mingi siku hizi inakutaka uingize namba ya gari kabla ya kulipa. Ipigeni picha kwa simu mkiwa bado nyumbani. Kumwona mtu mzima anakimbia mita mia mbili kwenye mvua kwenda kusoma namba ya gari la shemeji si kitu cha kupendeza, hasa kama kavaa viatu vya mtoko.

Unaweza pia kulipa kwa programu ya simu. Faida yake ni kwamba unasimamisha muda unapoondoka, na unalipia dakika ulizokaa. Hasara yake ni kwamba ukisahau kusimamisha, unaendelea kulipia nafasi ambayo mtu mwingine kashapaki zamani.

Kwenye miji mingi ya Flanders, upande wa Kiholanzi, utakutana na nafasi za Shop & Go mbele ya maduka. Hizo ni za dakika 30, na chini ya lami kuna kifaa kinachojua gari limeingia saa ngapi. Ni nzuri kwa kununua mkate. Kwa kuchagua gauni, usithubutu.

Na usitegemee kumwona mkaguzi kwa macho. Katika miji kadhaa anayepita ni gari lenye kamera juu, linasoma namba moja baada ya nyingine bila kusimama. Hakuna wa kumwambia “kaka, nilikuwa naondoka sasa hivi”.

Hapa hata dakika mbili usipaki

Kuna sehemu ambazo hazina mjadala. Vibao vyake viwili vinafanana: duara la buluu lenye ukingo mwekundu. Likiwa na mstari mmoja mwekundu, hupaki, ila unaweza kusimama kidogo kumshusha bibi au mizigo. Likiwa na mistari miwili iliyopishana kama msalaba wa mshazari, hata kusimama ni marufuku. Ukingo wa njia ya miguu ukiwa umechorwa vipande vipande vya rangi ya njano, hapo napo hupaki.

Hata pasipo na kibao, sheria ipo. Usipaki ndani ya mita 5 kutoka njia panda, wala mita 5 kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu. Kituo cha basi kiachie mita 15 kila upande. Njia ya baiskeli ni ya baiskeli, na njia ya miguu ni ya miguu. Nafasi yenye alama ya kiti cha magurudumu ni ya mwenye kadi maalumu, na yenye alama ya kuchajia ni ya gari la umeme linalochaji.

Mbele ya mlango wa gereji ndipo wageni wengi wanaponaswa. Mlango umefungwa, hakuna mtu, panaonekana patupu. Ukiona umebandikwa namba ya gari, maana yake gari lenye namba hiyo peke yake ndilo linaloruhusiwa kusimama pale. Wewe ukisimama, mwenye nyumba atapiga simu, na gari linaweza kuvutwa.

Kwenye mitaa ya makazi yenye kibao cha buluu cha watoto wanaocheza mpira na nyumba, mambo yamegeuzwa: kupaki ni marufuku kila mahali, isipokuwa penye herufi P au sakafu ya rangi tofauti. Pale watoto wana haki ya kucheza barabarani, na gari ndilo mgeni.

Na kwa sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunaoendesha kushoto, kumbukeni Ubelgiji ni kulia, kama Kongo, Rwanda na Burundi. Gari linapakiwa upande wa kulia, likitazama linakokwenda. Kuvuka upande wa pili na kupaki kwa kutazamana na wenzako, kama tunavyofanya mbele ya duka la mtaani, ni kosa.

Tarehe 15, saa moja na nusu usiku

Hii itawachekesha, ila ni kweli. Kuna maeneo ambako kupaki kunafuata tarehe. Kuanzia tarehe 1 hadi 15 magari yanakaa upande wa nyumba zenye namba witiri: 1, 3, 5. Kuanzia tarehe 16 hadi mwisho wa mwezi yanahamia upande wa namba shufwa: 2, 4, 6. Na kuhama kuna saa yake: siku ya mwisho ya kila kipindi, kati ya saa 1:30 na saa 2 usiku.

Hebu ifikirie hiyo tarehe 15. Supu iko mezani, na mtaa mzima unatoka na funguo mkononi, kila mtu anavusha gari lake ng’ambo. Ukiwa mgeni umelala fofofo kwa uchovu wa ndege, asubuhi gari lako linakuwa peke yake upande uliokatazwa, kama kijana aliyekuja harusini na nguo ya msiba.

Miji mingi imeshaachana na utaratibu huu, lakini haujafutika kote. Ukiona kibao cha kukataza chenye alama ya I au II ndani, au kimeandikwa 1-15 na 16-31, jua ndio huo. Angalia kalenda kabla ya kufunga mlango.

Barua itakwenda kwa nani?

Sasa turudi kwa shemeji.

Ubelgiji, namba ya gari ni ya mtu. Anaandikishiwa yeye, na akiuza gari anaifungua namba yake na kubaki nayo. Zile herufi nyekundu kwenye bati jeupe zinamtaja yeye, awe garini au awe nyumbani anapika.

Kwa hiyo ukizidisha muda kwenye eneo la buluu, au ukiacha kulipa kwenye mashine, kinachofuata ni tozo ya manispaa, ambayo kwa Kifaransa huitwa redevance na kwa Kiholanzi retributie. Maana yake ni kwamba kwa kutoonyesha diski au tiketi, umehesabiwa kuwa umechagua kulipa ile bei kubwa ya mkupuo. Wakati mwingine utakuta karatasi kwenye kioo, wakati mwingine hakuna kitu. Kukosa karatasi hakuna maana umepona. Barua inaweza kufika baadaye, na inafika kwa mwenye namba. Isipolipwa, inaongezewa gharama za kukumbushwa. Yale makosa makubwa, kama kuziba gereji au kusimama kwenye kivuko, yako kwenye fungu jingine: ni faini kabisa.

Nyie mmesharudi Dar, mmeshapakia picha za saksofoni, mmeshapata pongezi. Shemeji anafungua bahasha. Anaangalia tarehe: ni ile Jumamosi aliyowapa gari. Mkononi ana bili yenye jina lake, na moyoni ana swali moja gumu: awaambie, au anyamaze?

Sisi tunajijua. Wengi wananyamaza. “Wageni wangu, nitawadaije hela?” Analipa kimya kimya. Mwakani mkirudi, funguo hazirushwi tena, na nyie mnashangaa mbona shemeji kabadilika, mbona siku hizi anasema gari lina tatizo la breki. Hakuna ugomvi uliotokea. Kuna euro kadhaa ambazo hazikusemwa.

Dawa yake ni ya maneno tu, na inatolewa kabla ya safari. Mkipokea funguo, semeni: “Asante sana. Na ikija barua yoyote ya kupaki, tupigie picha ututumie siku hiyo hiyo. Ni ya kwetu.” Mkirudi jioni, toeni ripoti: tulipaki mtaa fulani, tuliweka diski, tuliondoka saa fulani. Mkijua mmezidisha muda, semeni usiku huo huo, kabla posta haijasema kwa niaba yenu. Mwenyeji akisikia hivyo anapumua. Anajua gari lake limekwenda na watu wazima.

Waliokodi gari wasifikiri wamepona. Kampuni itapokea barua, itawapa wahusika jina lako au italipa na kukukata kwenye kadi, na mara nyingi itaongeza ada yake ya usumbufu.

Ndani ya gari: dereva na msomaji

Ugomvi wa kupaki una mzizi wake. Mtu mmoja anafanya kazi mbili na mwingine anafanya ya kukosoa. Mwenye usukani anaangalia barabara ngeni, upande mgeni, baiskeli zinatokea kila kona, na bado anatakiwa asome vibao kwa lugha asiyoijua. Mwenzake anasema “pale!” wakati pale pameshapita.

Gaweni kazi. Dereva aendeshe tu. Asiyeendesha ndiye msomaji: anatafuta kibao cha ZONE, anasoma masharti, anatoa neno la mwisho kama panafaa au hapafai. Na msomaji akisema hapafai, dereva asibishane. Haijalishi nani mume na nani mke, wala nani ana leseni ya miaka mingi. Kuna wanaume wanaoona kuambiwa “baba, hapa hairuhusiwi” ni kushushwa hadhi. Hadhi inashuka zaidi gari likivutwa mbele ya wakwe.

Na wekeni kikomo. Mkizunguka mara mbili bila kupata, msizunguke ya tatu. Tokeni katikati ya mji, tafuteni maegesho ya pembeni, mtembee. Dakika kumi na tano za kutembea mmeshikana mikono ni sehemu ya mtoko. Dakika kumi na tano za kuzunguka mmenuna ni mwanzo wa kesi.

Au lala na treni

Kwa Dinant penyewe kuna njia ya mkato. Treni kutoka Brussels inapita Namur na kukufikisha Dinant, kwenye stesheni iliyo ukingo wa kushoto wa mto. Unavuka daraja la saksofoni, linaloitwa Charles de Gaulle kwa sababu alijeruhiwa hapo Agosti 1914 akiwa luteni kijana, na mbele yako ni kanisa na ngome. Hakuna diski, hakuna mashine, na mnaweza kugonga glasi zote mbili bila mmoja kulazimika kunywa maji.

Mkiamua gari, kumbukeni ngome inafikika pia kwa barabara kutoka upande wa juu. Kwa waliokuja na wazee wasioweza ngazi, hiyo inasaidia.

Kamusi ya mfukoni

Neno la kwanza ni la Kifaransa, la pili ni la Kiholanzi.

Payant / betalend: panalipiwa.
Riverains / bewoners: wakazi wa hapo. Ukiona excepté au uitgezonderd kabla yake, maana yake “isipokuwa wakazi”. Wewe si mkazi, hata kama shemeji ni mkazi.
Jours ouvrables / werkdagen: siku za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi.
Marché / markt: soko. Siku ya soko magari yote huondolewa uwanjani.
Disque / schijf: ile diski ya buluu.
Vibao vya muda vyenye tarehe na saa: mtu anahama, au kuna sherehe. Vina nguvu sawa na vya kudumu.

Kabla ya kufunga mlango

Jiulizeni maswali matano, kwa sauti, wote wawili. Tumepita kibao cha ZONE? Hapa pana muda, pana malipo, au vyote? Leo ni siku gani na tarehe ngapi? Diski inaonekana kutoka nje, na imepangwa kwa saa zao? Nani kaweka kengele ya kukumbusha kwenye simu?

Dakika tatu zinatosha kwa yote hayo. Mkimaliza, fungeni gari, shemeji msahauni kidogo, nendeni mkaonje couque, ile biskuti ya Dinant ya unga na asali. Tahadhari moja tu ya mwisho: ni ngumu kama jiwe la ngome. Imung’unyeni taratibu, msije mkamaliza hela ya maegesho kwa daktari wa meno.